Mbwa Aliyepakwa Dawa ya Pamba

Mara ya kwanza mume wangu alipompiga mbwa kwa sababu ya viroboto, alitumia mpini wa jembe. Alimfunga kwenye mpapai nyuma ya jiko akamtandika mgongoni na mbavuni, na vumbi likawa linaruka kwenye manyoya kama mtu anayepiga godoro. Nilipopiga kelele akanigeukia, jasho linamtoka.

"Mama watoto, si yeye ninayempiga. Napiga viroboto."

Sijui kama ulikuwa mzaha. Nimeliwaza neno lile miaka mingi, na nikijitahidi nisimwonee naona alikuwa anasema kweli, kwa namna yake.

Tulikuwa tunakaa Igoma, upande wa mawe, nyumba ya tofali mbichi yenye bati juu na sakafu ya udongo. Ilikuwa miaka ile viwanda vinapunguza watu. Mume wangu alipunguzwa kwenye kiwanda cha nguo, akapata ulinzi wa usiku kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kule ziwani. Kila jioni anachukua rungu na tochi anaondoka, mimi nabaki na watoto na mlango wa mbao za makasha. Wezi wa wakati ule walikuwa wanabeba jiwe kubwa, wenyewe wanaliita fatuma, wanalirusha mlangoni, mlango unalala chini, wanaingia na mapanga. Jirani yetu wa chini ya mwamba alikatwa mkono hivyo hivyo. Kwetu hawakuwahi kuingia, na mimi naamini sababu ni mbwa. Alikuwa mwekundu, kifua kipana, sikio moja limeliwa kwenye ugomvi. Sikumpenda kwa maana ya kumpapasa, hata siku moja sikumpapasa. Lakini akilala mlangoni, na mimi nilikuwa nalala. Ndiyo maana nilitaka aishi.

Viroboto walianza kiangazi. Kwanza miguu ya watoto, vidonda vidogo vyekundu, wakavikuna mpaka vikatoa usaha. Halafu ukisimama ndani ya nyumba kidogo tu, unawaona wanarukia vifundo vya miguu. Tulipigana nao kwa kila tulichokuwa nacho. Nilimwaga maji ya moto sakafuni, watoto wakasimama juu ya kitanda wakishangilia kama wako uwanjani Kirumba. Tukamwaga mafuta ya taa kwenye pembe za nyumba. Godoro la pamba tukalichoma moto uani, tukalala kwenye mkeka. Siku mbili tatu wanapungua, halafu wanarudi wamekasirika zaidi.

Mume wangu akampeleka mbwa ziwani. Nilikwenda naye kwa kuwa nilikuwa na nguo za kufua. Alimburuta majini mpaka kiunoni, akamshika shingo na mkia, akamzamisha. Mbwa alikuwa anapiga maji kwa miguu yote minne, anapanda, anasukumwa chini, anapanda tena anakohoa. Na kweli viroboto walikimbia maji, wakapanda wote kichwani, wakajaa puani na kuzunguka macho, weusi kama ufuta uliomwagika. Mume wangu akawa anawaponda kwa kucha za vidole gumba, pale pale kwenye kope za mbwa, mpaka kucha zikawa nyekundu. Wanawake waliokuwa wanafua wakasimama kutazama. Mmoja akamwambia, "Baba, si bora ungemkata kichwa tu, ukamaliza?" Wakacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea mpaka nikamaliza kufua. Nataka hilo lijulikane, kwamba mtu mvivu angemuua mbwa siku nyingi.

Wiki ile mkwe wangu, mama wa mume wangu, akaja kutoka Magu kuona wajukuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye mkeka, na kabla chai haijachemka alikuwa ameshaanza kujipiga makofi miguuni. Asubuhi alifunua kitenge akamwonyesha mwanawe miguu, imevimba, ina madoa kama mtu mwenye surua.

"Mwanangu, mimi nimekuja kusalimia. Sikuja kuliwa."

"Mama, tunamwogesha mbwa."

"Mbwa haogeshwi. Mbwa anatolewa. Yeye akibaki, mimi narudi kwangu, na nitasema njia nzima nimefukuzwa na nini."

Kwa watu wa kwetu, mama kuondoka nyumbani kwa mwanawe amekasirika si jambo la kuchezea. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kuchukua panga, akakaa kizingitini akaanza kulinoa kwa jiwe. Mbwa alikuwa amelala karibu yake anamtazama, mkia unapiga vumbi. Nikasema, mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo si adabu, "Ukimuua huyu, usiku mlangoni atalala nani? Wewe uko kwa samaki."

Akaacha kunoa. Mkwe wangu naye akavuta kitenge akafunika miguu, maana habari ya mkono wa jirani alikuwa ameisikia.

"Basi nipeni mpaka Jumapili," akasema mume wangu. "Viroboto nitawamaliza. Nikishindwa, namtoa mwenyewe."

Jumamosi tukaenda sokoni. Zamani dawa ya pamba ilikuwa inakuja kwa chama cha ushirika, imefungwa, ina picha ya fuvu, na bwana shamba anakuja kuwafundisha watu. Miaka ile ikawa inauzwa chini, karibu na nyanya na betri, kwenye chupa za soda zilizozibwa kwa gunzi la mahindi. Kijana aliyekuwa anauza alisema inaua kunguni, chawa, viroboto, hata mende.

"Ila mzee, changanya na maji. Ndoo nzima, kifuniko kimoja."

Mume wangu akamtazama kama ametukanwa.

"Dogo, mimi nimezaliwa Magu. Dawa ya pamba inatiwa maji? Unaimimina kwenye bomba la kupulizia, lile la betri, kama ilivyo, unatembea na upepo. Utanifundisha mimi pamba?"

"Hiyo ni shambani, mzee."

"Kwani mdudu wa shambani na wa nyumbani si mdudu?"

Watu wakacheka, kijana akapokea hela akatoa chupa. Na hapa lazima niseme, mume wangu hakusema uongo. Hata kwa baba yangu dawa ile ilikuwa haitiwi maji, ilikuwa kama mafuta, unaipuliza hivyo hivyo. Wote tuliokulia kwenye pamba tulijua hivyo, na mimi niliona amemshinda yule kijana kabisa. Ndani ya chupa kulikuwa na nini hasa, mpaka leo sijui.

Jumapili baada ya ibada alimfunga mbwa kwenye mpapai, akamfunga na mdomo kwa kamba ya katani. Akachovya tambara kwenye dawa, akampaka kuanzia shingoni, akasugua kinyume cha manyoya, tumboni, kwenye mapaja, mpaka juu ya vidonda vya mpini. Mbwa alikuwa analia puani. Harufu ya dawa ilinikaa kooni. Na viroboto wakaanza kuanguka. Walianguka kwelikweli, chini ya mbwa pakawa peusi, na mkwe wangu aliyekuwa amekaa mlangoni akapiga vigelegele.

"Wanakufa! Mwanangu, wanakufa!"

Mume wangu alicheka, sijui tangu lini sikuwa nimemwona akicheka vile. Akamfungua mbwa mdomo ili apumue. Mbwa akafanya anachofanya mbwa yeyote aliyepakwa kitu, akajilamba. Alijilamba mapaja, alijilamba vidonda, tukamtazama tu.

Haikuchukua muda. Mate yakaanza kumtoka, kwanza kama uzi, halafu povu. Ngozi ikawa inarukaruka peke yake. Miguu ya nyuma ikalegea, akaiinua, ikalegea tena. Mume wangu akasema "Ee, ee," akaenda kumshika, akidhani amekabwa na kamba. Mbwa akamgeukia, akamng'ata mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, meno yakaingia mpaka nikasikia mfupa. Kamba ikakatika. Akatoka uani anapepesuka, anagonga kichwa kwenye mawe, povu limemjaa kifuani.

Mama mmoja muuza dagaa, jirani yetu, alikuwa njiani na karai lake. Alimwona, akatupa karai, akapiga mwano.

Mwano wa Kisukuma si kelele ya mtu aliyeshtuka tu. Ukishapigwa, kila mwanamume anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua silaha anatoka, na yeye anaupiga kuwafikishia walio mbele. Asiyetoka, sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, wanamtoza faini. Na hauna namna ya kurudishwa. Hakuna mlio wa kuwaambia watu kwamba ni makosa, rudini. Nilimkimbilia yule mama nikamshika mdomo kwa mkono wangu, lakini kule juu kwenye mawe ulikuwa umeshapokelewa, na ng'ambo ya barabara ya Musoma umepokelewa, filimbi zinalia.

Wakaja kutoka kila upande, wenye marungu, mikuki, mmoja na upinde, wengine na nyundo kutoka kwenye karakana. Wa nyuma hawakujua hata kilichowaleta. "Mwizi yuko wapi?" Mtu akamwona mume wangu anakimbia na damu mkononi, akampiga rungu la bega. Alianguka, akapigwa la pili mgongoni kabla sauti yangu haijawafikia. "Huyo ni mwenye nyumba! Ni mume wangu!"

Mtemi wa sungusungu, mzee aliyekuwa anatuongoza mtaa ule, akawasukuma nyuma. Mume wangu akajiinua kwa magoti.

"Shikamoo mzee. Mbwa ni wangu. Hana kichaa, ni dawa."

"Marahaba. Dawa gani hiyo ya kutoa povu?"

"Ya pamba. Ya viroboto."

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kwani mbwa wako ameota vitumba vya pamba?" Kicheko kikapita, hata mtemi alitabasamu. Kwa muda ule mfupi niliamini mbwa atapona.

Mtemi akasema, "Leteni maji. Mwenye kichaa anaogopa maji. Akinywa, tunarudi." Ilikuwa haki, sioni alivyoweza kufanya vizuri zaidi. Nilileta maji kwenye karai mwenyewe, nikaliweka chini karibu na mwamba alikokuwa ameangukia, nikamwita jina lake. Alinijua. Alijikokota mpaka pale akaingiza mdomo. Lakini taya zilikuwa zimekaza, aliyang'ata maji badala ya kuyanywa, yakampalia, akarusha kichwa nyuma akapindua karai.

"Anaogopa maji!"

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. Baada ya hapo sikuweza kuyatenganisha. Mume wangu alishikwa na wanaume wawili, anawatukana, anapiga mateke. Mkwe wangu alitoka nje kichwa wazi, anawapigia kelele kwa Kisukuma, "Mwacheni! Ni viroboto tu! Ni viroboto!" Hakuna aliyemsikia. Mbwa alijaribu kurudi upande wa mlango. Walimpiga marungu mpaka kichwa kikawa si kichwa, na wa mkuki akamchoma hata baada ya kutulia, kwa kuwa alikuwa amechelewa kufika.

Yule mama wa dagaa alikaa chini akalia kuliko sisi. Mtoto wa dada yake alikuwa amekufa kwa kung'atwa na mbwa kule Ilemela, amefungwa kitandani, anapiga kelele akiona kikombe. Aliyeona hayo akaona povu, angefanya nini? Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa.

Mume wangu walimpeleka hospitali. Kwa kuwa kichwa cha mbwa hakikubaki cha kupimwa, daktari alisema sindano za kichaa lazima, zote. Alirudi mkono umefungwa, bega limevimba. Aliingia ndani, akasimama katikati ya nyumba. Nikaona viroboto wanamrukia miguu, wengi, kuliko jana. Mbwa ameshafukiwa na wao wapo.

Akachukua jembe. Kwa mkono mmoja mzima akaanza kuchimba sakafu. Anapiga, anavuta, anapiga, mabonge yanaruka mpaka ukutani. Tulitoa vitu vyote nje. Chini ya udongo ule mgumu kulikuwa na vumbi laini, na ndani ya vumbi vijidudu vyeupe vyembamba kama nyuzi vinajikunja, vingi, kila pembe. Mkwe wangu aliinama akavitazama muda mrefu.

"Kumbe walikuwa wanazaliwa huku," akasema.

Alifunga kitenge kiunoni akaanza kuzoa vumbi kwa mikono, analitoa kwa karai mpaka njiani, mama mtu mzima vile. Tuliwasha majani makavu ndani tukayazungusha kwenye kuta, tukamwaga maji yanayochemka, tukashindilia udongo wa kichuguu kwa mchi, juu tukasiriba kwa samadi na majivu. Kazi ile ilituchukua siku mbili. Viroboto waliisha, hawakurudi tena. Mkwe wangu aliondoka kwa amani, na mwanawe alimsindikiza mpaka stendi.

Huwa najiuliza kama mbwa angepona tungefikia kuchimba sakafu. Pengine tungeichimba, na yeye tungemuua hata hivyo.

Jioni ya siku ile ya pili mume wangu alivaa koti la ulinzi. Mkono mbovu hakuweza kuupitisha, nikamsaidia. Alichukua rungu na tochi akasimama nje ya mlango, hakuondoka upesi.

"Funga," akasema.

"Nitafunga."

"Funga vizuri."

Nilisikia viatu vyake vinashuka kwenye mawe. Nikaweka komeo, nikautikisa mlango, ukacheza. Basi nikawashusha watoto kitandani, nikashika upande wa miguu, mkubwa akashika wa kichwa, tukakisukuma kitanda mpaka kikaegemea mbao za mlango. Samadi ilikuwa bado mbichi. Miguu ya kitanda iliilima kutoka ukutani hadi mlangoni, mifereji mirefu, na asubuhi tulipokirudisha ikalima mingine.