Mkanda wa Pawatila

Kwenye mashine ya kusaga, mkanda ukiteleza na kuanza kuungua, mimi hutoka nje nikasubiri unga wangu huko. Harufu ile naijua tangu utotoni, kijijini Mabogini.

Baba alikuwa na pawatila kuukuu, trekta dogo la mkono la kulimia shamba la mpunga. Mkanda wake ulipiga kelele sana, na kila akitoka shambani baba alilalamika kichwa kinamuuma. Jioni moja niliupaka mafuta ya mgando pande zote, ili unyamaze.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfereji. Injini ikanguruma, lakini magurudumu ya chuma hayakusogea kwenye tope. Mkanda uliteleza tu, moshi ukapanda.

"Jirani, unachoma kitimoto humo?" akauliza mzee aliyengoja maji baada yetu.

Baba hakucheka. Aliusugua mkanda kwa majivu, akaukaza, akaukaza tena, mpaka ukakatika. Kisha akanusa vidole vyake.

"Nani kaupaka mafuta?"

Nilifungua mdomo, lakini mama akaniwahi.

"Ni mimi. Nilidhani ni kama cherehani."

"Cherehani," baba akarudia taratibu.

Maji yakahamia kwa jirani kabla shamba letu halijavurugwa tope la kupandia. Zamu yetu iliporudi, muda wa kupanda ulikuwa umepita. Msimu ule hatukupanda, na baba akaenda kutafuta kibarua cha kukata miwa. Asubuhi aliyoondoka alinishika kichwa, akaniambia nisome kwa bidii. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya baba. Baba akampita bila kumuaga, nami bado sikuwa nimesema kwamba ni mimi.