Msumari Mmoja wa Sella

Khamala alijua kufufua nyumba. Ukimpa chumba cha mabati pale mtaa wa Kawangware 46 ambacho hata panya wamekihama, atakurudishia kitu mpangaji atakivulia viatu mlangoni. Na mafundisho aligawa bure: anza na paa, ufuate mtaro, sakafu imwagilie maji siku saba, rangi iwe ya mwisho kabisa, maana rangi juu ya unyevu ni poda juu ya jasho.

Kasoro yake ni moja tu. Hakuwa na kwake.

Fundi wa aina yake hulala ndani ya chumba anachotengeneza, alinde simiti, na kodi halipi. Khamala alianza hivyo akiwa kapera kule Kianda, akajiona amewaweza wenye ploti. Miaka tisa baadaye ana mke, Sella, na binti, Bridgit, na wote wanahama pamoja na ndoo za rangi. Chumba kikivuja, ni chao. Kikianza kupendeza, kunja godoro. Bridgit alidhani kila nyumba duniani hunuka tapentaini.

Msumari ukutani ulikuwa mwiko, kwa sababu tundu la leo ni kazi ya kuziba kesho. Picha ya harusi ikaishi kwenye begi, bwana na bibi harusi wamelaliwa na sweta miaka yote hiyo.

Ndipo Mzee Kagiri, mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili aliyoachiwa na babake, akamwahidi: vyumba kumi na kimoja virekebishwe, cha mwisho kitakuwa cha keateka, yaani mwangalizi wa ploti, na keateka ni wewe. Obonyo, jirani wa Khamala, alimwambia aombe maandishi. Khamala akamjibu kwamba huyo ni mzee wa kanisa. Obonyo alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi ya mwaka aliimaliza kwa miezi mitano. Halafu akaingia chumba cha kumi na mbili, na hapo ndipo alipokosea: alikitengeneza kama chake. Akapanga vigae vilivyobaki, akatoboa dirisha upande wa jua, akaweka siling'i chini ya mabati. Siku rangi ilipokauka, Sella alichukua nyundo bila kuuliza mtu, akagonga msumari mmoja, akatundika picha.

Kagiri alikuja Jumamosi akimtembeza Mutheu, mpangaji mpya. Mutheu alichungulia cha kumi na mbili, akauliza kama nacho kinakodishwa. Mzee alitazama siling'i kwa muda.

"Fundi, hii umeitengeneza vizuri kupita kiasi. Hii si ya keateka."

Khamala alimkumbusha ahadi. Mzee hakukana. Alisema tu kwamba ana ploti nyingine Kianda, paa lote limeoza, kazi haitaisha leo wala kesho, na pa kulala papo. Alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Sella alishusha picha, akairudisha kwenye begi.

"Baba Bridgit, msumari ung'oe wewe," akasema. "Mimi nilishagonga."

Khamala akaung'oa. Akaziba tundu, akalilainisha kwa kidole gumba, akapitisha brashi mara mbili. Hata yeye mwenyewe hakuliona tena.

Kesho yake walikuwa bado wanafunga godoro Mutheu alipofika na saa ya ukutani mkononi. Aliuliza kwa adabu kama wapangaji wanaruhusiwa kugonga msumari.

Khamala alimwambia agonge popote anapotaka, ni kwake.