Sauti Arobaini za Karani wa Idara

Karani wa idara ya sayansi ya kompyuta alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kiti kilekile, na katika chuo kizima hakuna aliyejua kama yeye ni nani amekwama wapi. Aliyekwama kuliko wote mwaka huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari, kijana mpole hadi anakera, aliyekuwa akiifundisha kompyuta kuandika inachosikia. Alihitaji sauti za watu arobaini. Akamwachia karani kinasa sauti, fomu na karatasi ya sentensi za kusoma, awaombe wageni wa ofisini.

Wageni wakagoma. Mmoja alisema hawezi kuacha sauti yake katika ofisi ya serikali. Karani akamwonea kijana huruma. Saa za chakula akawa anajifungia na kusoma zile sentensi mwenyewe: mara kama mama mkwe wake, mara kama fundi bomba mwenye mafua, mara kama mkuu wa idara akikataa ruhusa. Wiki tatu, watu arobaini. Hakumwambia mtu.

Siku ya kutetea tasnifu alikaa pembeni akiandika kumbukumbu. Mtahini kutoka chuo kingine akaisalimia mashine. Mashine ikatafakari, kisha ikaandika jambo kuhusu ng'ombe. Wakajaribu watahini wote. Ng'ombe wakaongezeka.

"Mbinu haifanyi kazi," mtahini akasema. "Siwezi kumpitisha."

Miaka sita ya kijana ilikuwa inakwenda na maji. Karani akaweka kalamu chini.

"Mbinu haina kosa, profesa. Hao watu arobaini ni mimi."

"Wote?" mkuu wa idara akauliza.

"Wote, mzee. Hata wewe umo."

Kijana alipewa miezi sita akusanye sauti upya. Karani alipewa barua ya onyo, na kwa kuwa idara haikuwa na karani mwingine, aliichapa mwenyewe, akamsahihishia mkuu wa idara makosa mawili.

Kijana hakumsemesha kwa miezi miwili. Hilo lilimuuma kuliko barua. Kisha asubuhi moja akaingia, akaweka kinasa sauti mezani.

"Mama, nimepata thelathini na tisa. Soma na wewe. Ila safari hii kwa sauti yako."

Karani akashika karatasi, akakohoa, akaanza, akaacha. Akaanza tena. Kila sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine. Aibu ikamjaa.

"Mwanangu, hivi mimi huwa naongeaje?"

"Hivyo hivyo," kijana akasema, akabonyeza kitufe cha kurekodi.