Mchunga Uliojiotea kwa Mistari

Jamani, kiherehere kitaniua. Enzi hizi za ruksa kila mtu anauza chake, lakini mchunga, ile mboga chungu ya porini, nani angeupanda? Kwetu kijijini Tingi unajiotea, na anayeuona anachuma. Juzi nikauona nyuma ya nyumba hapa mjini Masoko, umechanua maua ya njano, tena umejipanga kwa mistari. Nikasema Mungu ana mpango, nikachuma kapu zima. Nikauchemsha kuutoa uchungu, nikauunga nazi, bakuli moja nikampelekea jirani yangu, Bi Zuhura.

Nikamkuta anagombana na Mzee Saidi, mwenye mbuzi. Mboga aliyoipanda Bi Zuhura akauze sokoni imeliwa yote! Nami nikadakia bila hata shikamoo: "Mzee, wafunge kamba mbuzi wako! Jasho la mtu haliliwi bure!"

Ili kumpoza Bi Zuhura, nikafunua bakuli. Akalitazama.

"Mchunga huu umeuchuma wapi, mwanangu?"

"Hapo nyuma tu, mama, ulikuwa umejiotea..."

Mzee Saidi akachungulia bakuli.

"Mbuzi wangu," akasema taratibu, "hawajui kuunga nazi."