Mkaguzi wa Hesabu za Jelmer

Saa mbili na nusu asubuhi, Wietske Hoekema anavua koti la mvua, analitundika karibu na kipasha joto na kuwasha kompyuta kabla hata hajakaa. Nje ya dirisha lake, baiskeli za wanafunzi wa chuo kikuu hapa Groningen, Uholanzi, zimebanana na kulowa. Nyuma ya ukuta wa kushoto kuna mtu anapiga mluzi.

"Unamsikia?" ananiuliza. "Ndiye huyo Jelmer. Kila siku ya Mungu, kama vile dunia haijawahi kumkosea."

Wietske ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na ni mtakwimu katika idara ya saikolojia ya kazi. Anapima hali za watu maofisini, viwandani na kwenye nyumba za kutunzia wazee: nani amechoka, nani ana kinyongo, nani anafikiria kuacha kazi. Ugumu ni kwamba mfanyakazi hayuko peke yake. Yumo ndani ya timu, timu imo ndani ya taasisi, na kila ngazi ina mambo yake.

"Watu wa timu moja wana bosi mmoja, zamu moja na umbea mmoja," anasema. "Ukiwahesabu kana kwamba hawajuani, unajidanganya. Lazima utenganishe kinachotoka kwa mtu na kinachotoka kwa timu."

Anaipenda kazi hii, na ukimwachia nafasi atakueleza hadi chai ipoe. Kinachomkosesha raha ni mkataba. Tangu apate shahada yake ya udaktari amekuwa akiishi kwa mikataba mifupi. Huu haujaisha, yuko mbioni kutafuta mwingine. Machi mwaka huu idara ilitangaza nafasi moja ya kudumu, na mchujo ukawabakiza wawili: yeye na Jelmer Oosting, kijana wa miaka thelathini na moja aliyewahi kukaa kwenye darasa lake.

Hapo wivu ukaanza, na Wietske haupambi kwa jina jingine. Alianza kwa kuchukia ule mluzi, akaja kwenye viatu, akamalizia na namna Jelmer anavyokata jibini, vipande vyembamba vinavyolingana. Alikuwa akienda nyumbani na kumweleza mumewe habari za jibini la mwanamume mwingine. Mume naye akachoka, akaomba wazungumzie mpira.

Wakati huohuo Jelmer alikuwa amekamilisha utafiti kuhusu, shikilia kiti chako, wivu kazini. Nilicheka niliposikia, Wietske akanitazama vibaya. Jelmer alikuwa amewahoji wahudumu wa nyumba za wazee, akaona kwamba katika timu zilizojaa wivu watu huacha kazi upesi, hata wale ambao wenyewe hawana wivu na mtu.

Idarani kwao hesabu haitoki nje mpaka mwenzako airudie mwanzo hadi mwisho. Aliyepangiwa kukagua hizi za Jelmer ni Wietske, kwa kuwa hakuna mwingine pale anayezijua vizuri hesabu za aina hiyo.

"Mkaguzi kazi yake ni kutafuta kosa, sawa," anasema. "Lakini mimi nilikuwa naliombea."

Akalipata, au alidhani amelipata. Alichukua kiwango cha wivu cha kila mhudumu, akaondoa humo wastani wa timu yake, ili abaki na kile tu kinachomtofautisha mtu na wenzake. Akaziendesha hesabu upya, na matokeo ya Jelmer yakatoweka. Anasema alifurahi mpaka akaona haya, akafunga mlango ili afurahi vizuri.

Kwa desturi yao, ukiona kosa unakwenda kwanza mezani kwa mwenzako, mnakaa wawili, mnalimaliza. Wietske alilificha mpaka Alhamisi, siku ambayo idara nzima hula mchana pamoja. Watu wakiwa na mikate mdomoni, akatangaza kuwa utafiti wa Jelmer hauna kitu ndani.

Jelmer aliweka kisu chini, akaomba kuiona hesabu hiyo kwenye kompyuta ya Wietske, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Wietske," akasema, "wastani wa timu umeuweka wapi?"

Hakuwa ameuweka popote. Ukishautoa wastani kwa mtu mmojammoja, ni lazima uurudishe kama kipimo cha ngazi ya juu, la sivyo timu yenyewe inafutika kwenye hesabu. Na swali la Jelmer lilihusu timu. Kila mwaka Wietske huwaonya wanafunzi juu ya kosa hilohilo, na alimwonya Jelmer mwenyewe.

Aukje Rinsma, profesa anayeongoza idara, alimwuliza mbele ya watu: kama angeanzia mezani kwa Jelmer, jambo hili lingefika hapa? Wietske akajibu hapana. "Haya, kula basi," Aukje akamwambia, na mazungumzo yakahamia kwenye likizo.

"Nilitamani ardhi ipasuke," Wietske anasema. "Lakini usidhani wivu uliisha. Uliongezeka, maana sasa haki ilikuwa upande wa mwenzangu pia."

Mwezi uliofuata nafasi akapewa Jelmer. Aukje ananihakikishia kwamba jopo la uteuzi halikuigusa habari ya Alhamisi ile. Wietske haamini, na mimi nimeishi na watu hawa miaka ya kutosha kuwa na mashaka yangu.

Kisha Jelmer akapata fedha za mradi mpya, zinazoweza kumlipa mkaguzi kwa miaka miwili. Akabisha hodi mlango wa pili na kumwomba Wietske aichukue kazi hiyo. Nilikwenda kumwuliza Jelmer kama ni huruma.

"Huruma ya nini?" akasema. "Wengine husoma hesabu zangu huku wakipiga miayo. Huyu dada alisoma kila mstari akitaka kunizika. Nitampata wapi mwingine kama yeye?"

Maneno hayo alimwambia Wietske vilevile, usoni, na Wietske anasema nusura amtupie kikombe. Akakubali. Mkataba wake unaisha Agosti, na data mpya za Jelmer zina ngazi nne. Mtu wa kazi yake hawezi kulala akijua ziko kwa mwenzake.

Ataanza Septemba. Namwuliza anatumaini nini.

"Namtakia mema," anasema, kisha anajisahihisha. "Namtakia mema kiasi. Natumaini hesabu yake ya kwanza itakuwa na kosa. Liwe kubwa, ila la kurekebishika. Na nilione mimi, asije akaliona mtu mwingine."