Dereva Alibaki Kibandani

Marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wa treni, aliniachia injini ndogo ya umeme, mfano wa treni ya dizeli, inayotosha kiganjani. Ndani ya kibanda chake alikuwamo dereva mdogo kuliko punje ya hindi, ambaye marehemu alimchonga na kumpaka rangi kwa mkono wake. Baada ya matanga, shemeji yangu, dereva wa lori, aliitaka aipeleke nyumbani kwake.

"Hapa Makongeni itakuwa pambo la kabati tu, shemeji."

Tukakubaliana: ikizunguka reli zake za sakafuni bila kusimama, mbele ya wastaafu waliofanya kazi na marehemu, ibaki kwangu; ikisimama, aichukue.

Mtihani wa darasa la nane niliufanya Novemba 1993, nikiwa na miaka arobaini na mmoja. Kwa hiyo, rafiki wa marehemu aliponiletea kisimbuzi kutoka ng'ambo mwaka 1996, pamoja na kisanduku cha kuongozea, maelezo ya Kiingereza niliyasoma mwenyewe. Kisimbuzi ni kibao chembamba kinachopokea amri kupitia reli na kuipimia mota umeme wake. Nilizitenga nyaya za mota na mwili wa chuma, kwani zikigusana kibao huungua, kisha nikaziunga na kibao kwa lehemu. Kazi hiyo niliizoea zamani, nilipokuwa nikitengeneza redio na mume wangu.

Ukabaki umeme wa akiba, yaani kapasita, vihifadhi umeme vya kuivusha injini penye reli chafu. Nafasi pekee ilikuwa kibandani, alipokaa yule dereva. Sikumtoa. Kapasita nilizificha katika behewa la kwanza nyuma yake, nikaliunganisha na injini kwa nyaya mbili nyembamba.

Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1996, siku ya kuijaribu injini, nilirudi kutoka sokoni nikakuta jirani yangu, niliyemwachia ufunguo, ameisugua sakafu kwa nta nyekundu, kama tufanyavyo tukitarajia wageni. Reli hakuziondoa.

"Hata vyuma vyako nimeving'arisha," aliniambia kwa furaha.

Nta huzuia umeme. Nilifuta nilichoweza, lakini kipande cha reli karibu na mlango kilikuwa bado na utando shemeji na wastaafu walipobisha hodi.

Shemeji alizitazama zile nyaya mbili. "Injini gani hii inayotembea na mkoba?"

"Ni masurufu ya safari," nikamjibu, nikaiwasha.

Ilipokaribia mlango, shemeji aliinama, mkono tayari kuiokota. Injini ikapita juu ya nta kwa mwendo uleule, na taa yake haikufifia. Ikazunguka, ikapita tena. Mzee aliyemfundisha marehemu kazi akavua kofia, akachungulia kibandani.

"Dereva wetu yumo," alisema.

Nilijivuna, na sioni haya kuliandika jambo hilo.

Shemeji akaomba aiendeshe. Nikampa kisanduku.

"Polepole, shemeji. Hiyo si lori."