Kigingi Kando ya Kaburi la Mama

Kigingi kilikuwa kimesogea. Sikuwa na shaka, kwa sababu nilikuwa nimekipima.

Nikiri mapema kwamba nilikuwa binti wa kupimapima. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikajifundisha mengine kwa kamusi iliyong'oka jalada na magazeti ya kufungia sukari. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia kwamba amepatia, kwa hiyo hurudia. Nilifagia uwanja mara mbili kila asubuhi. Wageni wakiondoka nilihesabu vikombe, hata wageni wa kanisani.

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara inayoshuka kutoka milima ya Tukuyu na kwenda Kasumulu, mpakani. Tangu biashara ifunguliwe malori yalikuwa yamezidi, na lami ya zamani ilikuwa imebaki vipandevipande kama ukoko wa wali. Tukasikia barabara itapanuliwa na kuwekwa lami mpya. Wapima wakaja, wakachomeka vigingi vyenye vichwa vyekundu mbele ya nyumba zote. Mkubwa wao akatueleza: kilicho upande wa barabara kitaondoka, kilicho upande wa nyumba kitabaki.

Kaburi la mama lilibaki upande wa nyumba. Nilichukua kamba ya katani nikafunga fundo kila hatua moja. Kutoka kigingi hadi saruji ya kaburi, mafundo manane. Siku ya tatu, mafundo sita. Nikapima tena nikiwa nimevua ndala, kana kwamba ndala ndizo zilizokosea. Sita.

Sikumwambia baba. Nilitaka kwanza niwe na uhakika, na tayari nilikuwa na mtu wangu wa kumshuku.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la sabuni na vitenge. Mwenye duka alikuwa mzee mcheshi, ndugu za mama yake wako Malawi, na bidhaa zake nyingi zilitoka huko. Kigingi chake kilisimama kwenye baraza la duka lenyewe. Niliona hesabu yake wazi: barabara ikisogea kwetu, duka lake linapona.

"Ugonile, injinia," alinisalimu asubuhi hiyo nikiwa nimechuchumaa na kamba. "Leo kamba inasemaje?"

"Inasema kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Haijamaliza kusema."

"Ikimaliza uniite. Nami nataka nimjue, asije akanihamishia duka mtoni."

Alicheka, nami nikakiweka kicheko chake akilini kama ushahidi. Kuanzia hapo kila alichofanya kiliniingia vibaya. Akinipa peremende, ananinyamazisha. Asiponipa, amekasirika kwa sababu nimemgundua. Wiki iliyofuata kamba ilisema mafundo manne.

Nikaandika barua kwa mkubwa wa wapima. Niliiandika mara nne, kwa sababu kila mara nilikata neno moja na sikuweza kupeleka karatasi yenye mkato. Sikutaja jina, lakini niliandika "jirani wa ng'ambo mwenye duka", na kwetu mwenye duka wa ng'ambo alikuwa mmoja. Nikabaki na nakala. Barua nikaipeleka mwenyewe kambini kwao.

Mpima alikuja baada ya siku mbili, saa nne asubuhi, na vijana wawili na mnyororo wa kupimia. Watu wakakusanyika. Mwenye duka naye akavuka barabara, mikono nyuma. Baba alikuwa bado hajaenda kwenye mpunga wake, akatoka na jembe begani. Mpima akapima kutoka kigingi cha juu na kigingi cha chini, akatembea kwenye migomba yetu, akasimama.

"Kilikuwa hapa," akasema.

Pale aliposimama palikuwa na chipukizi la mgomba, limepandwa karibuni. Nikaliangalia kwa mara ya kwanza. Shina lake lilikuwa limezungushiwa majivu ya jikoni. Kulia kwake jingine, kushoto jingine, safu nzima, yote yana majivu. Nyumbani kwetu aliyepanda kwa majivu alikuwa mmoja tu, wifi yangu, mke wa kaka aliyekuwa akifanya kazi Kasumulu.

Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, akimwona njiani anaacha njia na kuingia porini mpaka apite. Nyumba ya baba na jiko la wifi vilitenganishwa na migomba hiyo, na migomba hiyo ndiyo iliyowafanya waweze kuishi uwanja mmoja. Wapima walipokuja walifyeka njia nyembamba katikati yake ili waone kutoka kigingi hadi kigingi. Kuanzia siku ile, baba akifungua mlango, aliona hadi kwenye mafiga ya wifi. Nami nilipita pale kila siku na kamba yangu nikitazama chini.

Baadaye wifi alinieleza. Alidhani watakachokata ni ile njia tu, na kwamba watakata palipo na kigingi. Basi baba alipokuwa shambani, yeye alikisogeza nyuma kidogo, akapanda migomba ya kuiziba njia, akaona safu moja haizibi, akakisogeza tena, akapanda ya pili. Kaburi hakulifikiria. Kwake kigingi kilikuwa alama ya wafyekaji.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungeandika barua," akasema.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile mpima aliuliza, "Nani aling'oa kigingi cha serikali?"

Nyuma ya migomba niliona ukingo wa kanga. Wifi alikuwa amechuchumaa, kajifunika kichwa, hawezi kutoka kwa sababu baba yupo, hawezi kukimbia kwa sababu angeonekana. Mwenye duka alinitazama. Nadhani alishasikia habari za barua. Nilifungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini.

Baba aliangalia majivu. Akashusha jembe.

"Ni mimi," akasema.

Baba hakuwahi kusema uongo mbele yangu, hata wa kufukuza mgeni. Mpima, kijana wa umri wa kaka, akamfokea mbele ya watu kama mwanafunzi mchelewaji, akaandika jina lake kwenye daftari. Baba aliitika kila neno. "Ndiyo. Ndiyo, bwana. Nimekosa." Kisha kigingi kikarudishwa mahali pake, na kaburi la mama likarudi kwenye mafundo manane. Nililolitaka nililipata, na lilinichoma.

Jioni nilivuka barabara na ile nakala. Mwenye duka akaniambia niisome kwa sauti. Nikasoma yote, na pale kwenye "jirani wa ng'ambo" nikaishusha karatasi.

"Endelea, injinia."

Nilipomaliza akakuna kidevu. "Imeandikwa vizuri. Hata mimi ningejishuku."

Nikasema samahani. Akanipa peremende, na aibu yangu ni kwamba hata hiyo niliigeuza mkononi kabla ya kuila.

Migomba ilikatwa yote, ile ya zamani na ya majivu. Wiki hiyohiyo baba aliziba kwa tofali mlango wake wa mbele, akatoboa mwingine upande wa pili, unaotazama ziwani. Majirani walikuwa wakigeuza milango yao ielekee lami, wauze maandazi na soda. Baba aliipa lami mgongo na hakumweleza mtu.

Lami ilipokauka nilikwenda na kamba. Kutoka ukingoni hadi kwa mama nilihesabu mafundo, nikarudia. Wifi alikuwa akipika, mlango wa baba haupo tena mbele yake. "Mangapi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Manane," nikamwambia. Kisha nikapima mara ya tatu.